Nilipovaa Kilemba cha Ibn Battuta

Mara ya kwanza kupanda jukwaani nikiwa Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco wa karne ya 14, kilemba kilinivuka kabla sijamaliza salamu. Kilianza kulegea upande wa sikio la kushoto. Nikajitia hamnazo, nikaendelea kuwaeleza watu jinsi nilivyotoka Tanja peke yangu, bila mwenzi wala msafara, nikielekea Makka. Mkia wa kitambaa ukateremka begani, ukafika kifuani, na mtoto mmoja wa safu ya mbele akapaza sauti: "Babu, nguo yako inaanguka!" Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Nikakishika kilemba kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba ndoo, na maneno yote niliyoyakariri kwa miezi miwili yakayeyuka.

Leo najua ningefanya nini. Mtu aliyevaa kilemba maisha yake yote, kikimlegea hukifungua akakizungusha upya huku anaendelea na hadithi yake, wala hatazami anachofanya. Watu waliacha kumwona msafiri pale niliposhtuka. Kitambaa kilikuwa kisingizio tu.

Huu ni mwaka wa tisa namwigiza mtu huyu: shuleni, kwenye makumbusho, kwenye maktaba, na mara moja kwenye harusi, ambayo mpaka leo sijui nani aliona ni wazo la busara. Nilikuwa mwalimu wa historia. Siku moja nilivaa kanzu ya marehemu baba na kuwasomea wanafunzi kurasa mbili za safari zake kana kwamba ni zangu, na wale wanaosinzia kipindi cha mwisho wakakaa macho. Sikuwa na mpango mwingine. Mwalimu wa darasa la pili akaniomba nirudie, kisha shule jirani, na baada ya muda nikajikuta nina joho, bakora, na sanduku la mbao ambalo mke wangu analiita "mke mwenza".

Wengi huniuliza kwa nini nimemchagua yeye. Sababu ya kwanza ni ya uvivu: hakuna ajuaye sura yake. Picha zinazomwonyesha zilichorwa karne nyingi baadaye na watu waliobuni tu. Anayemwigiza mtu ambaye sura yake imetundikwa kila ofisi ana mzigo wa pua na masikio, mimi sina. Sababu ya pili ndiyo hasa: huyu bwana analalamika. Wakubwa wengi wa kale wametuachia amri na makaburi. Yeye alirudi kwao baada ya karibu miaka 30 ya kuzunguka, Sultani Abu Inan wa Fez akaamuru habari zake ziandikwe, akapewa mwandishi aitwaye Ibn Juzayy, na kazi ikakamilika mwaka 1355. Humo ndani utamkuta akiugua kwa chakula, akioa na kuacha, akinung'unika kwamba fulani hakumkirimu inavyostahili.

Alipofika Mali mwaka 1352 aliambiwa inuka, zawadi ya mfalme imefika. Akainuka akidhani ni mavazi ya heshima na fedha. Kumbe ni mikate mitatu ya mviringo, kipande cha nyama ya ng'ombe ya kukaanga, na kibuyu cha maziwa ya mgando. Alicheka mwenyewe. Jukwaani nalifungua hilo fumba la zawadi polepole, kona moja, kona ya pili, huku natabasamu kwa uchu. Nikifika kona ya nne nauacha uso uporomoke. Ukumbi ukiwa mzito, kipande hiki ndicho kinachoniokoa. Kisha namsogelea mtu wa safu ya mbele nikimfanya ndiye Mansa Sulayman, mfalme mwenyewe, nikamwambia: nimetembea nchi za dunia nikaonana na wafalme wake, niko kwako miezi minne hujanikaribisha, nikasemeje habari zako mbele ya masultani wengine? Karibu kila mara yule mtu huomba radhi. Mara moja bibi mmoja aliingiza mkono mkobani akanipa peremende.

Sasa nguo. Joho langu la kwanza lilishonwa kwa atlasi inayong'aa, maana fundi niliyemwendea alizoea kushonea maharusi na mimi sikujua kumweleza nataka nini. Chini ya taa za jukwaani nilimeremeta kama bwana harusi aliyechelewa, na ndani yake nikaoga jasho, kwa kuwa atlasi ya siku hizi ni plastiki iliyopakwa adabu. Mgongoni kulikuwa na zipu. Niliamini kilemba kingeificha. Haikufichika. Katika kipindi cha maswali kijana mmoja aliuliza kwa upole wa kutia wasiwasi, "Mzee, zipu zilianza lini?"

Aliyenisaidia ni Ibn Battuta mwenyewe. Anapoeleza kuwasili kwake Mogadishu mwaka 1331, anazitaja nguo alizoletewa na mwenye mji kipande kwa kipande: kitambaa cha hariri cha kujifunga kiunoni, kwa kuwa watu wa huko hawakuwa wakijua suruali, vazi la kitani la Misri, joho lenye bitana, na kilemba cha Misri. Fundi wa pili nilimsomea maneno hayo. Akasikiliza, akauliza swali moja tu, joho linafungwa na nini, tukakubaliana vifundo vya kitambaa. Nguo hiyo ninayo hadi leo. Ni pamba na kitani, imefifia kwenye mabega, na imefifia vizuri kuliko ambavyo fundi yeyote angeweza kuifanya kwa makusudi.

Kuna mambo madogo ambayo hakuna aliyeniambia. Joho halina mifuko, kwa hiyo mikono inakosa pa kwenda. Ndiyo maana nikachukua bakora. Gundi ya ndevu hukubali kila kitu isipokuwa jasho, na ndevu inayoning'inia shavu moja inachekesha kuliko kilemba kinachoanguka, basi nikafuga zangu na kuzitia unga mweupe kidogo. Saa ya mkononi hata ukiivua huacha alama. Kilemba changu kina urefu wa mita nne, nami nilijifunza kukifunga jikoni, usiku, bila kioo, huku naongea na mke wangu mambo ya ada za shule, mpaka mikono ikajua kazi yake bila kichwa kuingilia.

Lakini mavazi hujifunza kwa mwezi mmoja. Kilichonichukua miaka ni kujua mtu huyu hajui nini.

Mwanzoni nilikuwa namwigiza "Ibn Battuta" kwa jumla, mtu asiye na umri. Dakika moja ni kijana wa miaka 21 anayeaga Tanja, dakika ya pili ni kadhi huko Delhi, dakika ya tatu anajua kwamba kitabu chake kitasomwa dunia nzima. Watu hawakusema kitu, lakini nilihisi nimevaa viatu vya watu watatu. Siku moja nikaamua: ni mwishoni mwa mwaka 1355, niko Fez, nina miaka 51, namngoja mwandishi aje tumalizie. Basi. Yaliyotokea kabla ya siku hiyo nayajua, mengine nimeyasahau, mengine nayatia chumvi. Yaliyotokea baada yake sina habari nayo hata kidogo.

Uamuzi huo ulinirahisishia kila kitu, hata maswali. Ukiniuliza Kilwa kulikuwaje, najibu kama mtu aliyepita huko miaka 24 iliyopita na daftari hana. Hili lilinifaa siku bwana mmoja aliyeijua Kilwa aliponibana. Simulizi inasema nyumba za Kilwa zilikuwa za mbao. Ilhali magofu ya Kilwa Kisiwani, yaliyomo katika orodha ya urithi wa dunia tangu 1981, ni ya mawe ya matumbawe, na jumba la Husuni Kubwa linahusishwa na sultani aliyetawala huko siku hizo hizo. "Ulikuwa unalala wapi wewe," akaniuliza, "hata usione jiwe?" Zamani ningeanza kujitetea. Nikakuna ndevu, nikamwambia: "Ndugu yangu, nimeona miji mingi mno. Huenda mwandishi wangu alikuwa na haraka, huenda mimi nilikuwa na njaa. Wewe umeiona lini?" Akasimama akaueleza msikiti mkuu kwa dakika tatu, vizuri kuliko ambavyo ningeueleza mimi. Sikumkatiza.

Kosa langu kubwa katika mambo haya lilikuwa kahawa. Nilikuwa na buli la shaba na vikombe vidogo, nikawa namiminia watu wa mbele huku nasimulia, nikiona nimepatia sana. Mzee mmoja aliyekaa nyuma kabisa, mkimya muda wote, aliinua mkono: "Ami, kahawa hiyo umeitoa wapi?" Nikaanza kusifu ukarimu wa Waarabu. Akangoja nimalize, akasema kinywaji hicho habari zake za uhakika zinaanza Yemen katika karne ya 15, yaani mimi nikiwa kaburini karibu miaka 100. Hakusema kwa kejeli. Nilikwenda kusoma, nikakuta kweli. Buli likarudi kabatini. Sasa nina kisahani chenye majani ya tambuu na popoo, na kichupa cha marashi ya mawaridi, kwa sababu hivyo ndivyo alivyopokewa Mogadishu, na vimeandikwa. Watu wakinusa marashi hukaa kimya kwa namna ambayo kahawa haikuwahi kuwafanyia.

Tangu hapo kila kifaa nakihoji kama askari wa mpakani. Mahindi, viazi, nyanya, tumbaku, vyote vilikuwa bado ng'ambo ya bahari ambayo kwake ilikuwa mwisho wa dunia. Kilomita hazimo kinywani mwake. Kutoka Kilwa hadi Sofala ni mwendo wa nusu mwezi. Simu ikilia ukumbini siisikii. Vijana hupenda kunitega: "Babu, jana mechi ilikwishaje?" Nawaambia nilishapita nchi ambayo watu hucheza mchezo wa mpira juu ya farasi, je huo wao una farasi wangapi? Mtego ukishindwa mara mbili wanaanza kuuliza maswali ya kweli.

Kuhusu lugha nitasema machache. Hakujua Kiswahili, nami naigiza kwa Kiswahili, basi uongo huo tumekubaliana nao mimi na hadhira kimyakimya. Nilijaribu kuongea kwa lafudhi ya Kiarabu cha kubuni, "kha" na "gha" kila neno, hadi bibi mmoja akanivuta kando baada ya onyesho: "Mwanangu, huyo msafiri wako koo linamuuma?" Nikaacha. Natumia Kiswahili changu mwenyewe, nikiondoa maneno ya ofisini na ya mtaani, basi.

Umbo la onyesho nililikopa Marekani, kwenye maonyesho wanayoyaita Chautauqua. Kwanza mhusika anazungumza, kwangu dakika 35. Kisha hadhira inamuuliza maswali naye anajibu kama yeye. Mwisho mwigizaji anavua uhusika na kujibu kwa sauti yake, kama mtu aliyesoma habari hizo. Sehemu ya tatu niliidharau kwa muda mrefu. Niliona inaharibu uchawi. Nilimhusudu Hal Holbrook, aliyemwigiza mwandishi Mark Twain tangu 1954 hadi 2017: alianza akiwa kijana anayejipaka uzee, akastaafu akiwa na miaka 92, ilhali Twain mwenyewe alifariki na miaka 74. Nikasema mimi pia nitakuwa vile, sitoki ndani ya joho mpaka watu waondoke. Msichana mmoja wa sekondari ndiye aliyenitoa.

Kuna kisa ambacho kwa muda mrefu kilikuwa roho ya onyesho langu. Sultani wa Kilwa, al-Hasan bin Sulaiman, aliitwa Abu al-Mawahib, baba wa zawadi, kwa ukarimu wake. Ijumaa moja anatoka msikitini, fakiri kutoka Yemen anamsimamisha njiani: Ewe Abu al-Mawahib. Labeka, fakiri, una haja gani? Nipe nguo hizo ulizovaa. Vema, nitakupa. Sasa hivi. Naam, sasa hivi. Sultani anarudi msikitini, anaingia nyumba ya khatibu, anavaa nguo nyingine, anazivua zile, anamwita: ingia uchukue. Fakiri anazifunga kitambaani, anajitwika kichwani, anakwenda zake. Watu wanamsifu sultani kwa unyenyekevu wake. Mwanawe anazikomboa zile nguo kwa fakiri kwa kumpa badala yake. Sultani akisikia watu wanavyosifu, anaongeza.

Hapo mimi nilikuwa nasema, "akapewa zawadi nyingi mno," nanyoosha mikono, watu wanapiga makofi. Walinisifu sana kwa kisa hicho, na kilemba cha ukoka nikakivaa juu ya kile cha pamba.

Msichana alisimama wakati wa maswali. "Bwana Ibn Battuta, yule fakiri alipewa zawadi gani hasa?"

"Nyingi, binti yangu."

"Zipi?"

"Pembe za ndovu. Mizigo miwili."

"Na nini kingine?"

Alikuwa na daftari mkononi, kidole kimewekwa katikati ya kurasa. Nilijua kwamba anajua. Mwana wa sultani alizikomboa nguo kwa watumwa kumi. Sultani akaongeza watumwa kumi wengine na zile pembe. Hivyo ndivyo ilivyoandikwa, na mimi nilikuwa nimeisoma mara nyingi, nikaikata kwa sababu ilichafua kisa changu kizuri.

"Sikumbuki," nikasema.

Mtu aliyekumbuka mikate mitatu ya Mali hakumbuki binadamu ishirini. Msichana alinitazama kidogo, akasema "Asante," akakaa. Hakunisuta. Laiti angenisuta.

Usiku ule nilisoma upya sehemu zote ambazo nilikuwa nimezoea kuziruka. Alimiliki watumwa, alinunua na kupewa wajakazi, akawazungumzia kama anavyozungumzia ngamia. Mwaka 1353 alitoka Takedda, kusini mwa Sahara, akiwa na msafara uliokuwa na wajakazi wapatao 600. Amelitaja jambo hilo kwa mstari mmoja, kisha akaendelea na habari za njia.

Nilipotaka kurekebisha, wazo la kwanza lilikuwa kumfanya atubu. Niliandika maneno mazuri: mzee anamngoja mwandishi, anawakumbuka wale watu, machozi yanamlengalenga. Niliyaigiza mara moja na watu wakaguswa. Nikajisikia vibaya kuliko mara ya kwanza, maana sasa nilikuwa nimemvisha nguo ambayo hakuwahi kuivaa. Hakuna mahali alipotubu kwa hilo.

Si mimi tu niliyekwama hapo. Colonial Williamsburg, jumba la makumbusho la wazi huko Virginia ambako waigizaji huishi karne ya 18 mbele ya wageni, waliigiza mnada wa watumwa mwaka 1994, na mabishano yakawa makali: wapo waliosema hilo ni la lazima kuonekana, wapo waliosema ni kuwadhalilisha tena wale wale. Na kwenye makumbusho ya Plimoth, Massachusetts, wanaoigiza walowezi wa Kiingereza husema kama watu wa miaka ya 1620, lakini Wampanoag wenyeji wa eneo hilo hawaigizi mtu yeyote. Huvaa mavazi ya mababu zao na kuongea na wageni kama watu wa leo. Nilipolisikia hilo nililielewa mara moja. Kuna mambo ambayo mtu hawezi kuyasema akiwa ndani ya nguo ya mwingine.

Siku hizi nakisimulia kisa cha Kilwa kizima. Nasema "watumwa kumi" kwa sauti ile ile ninayotumia kusema "pembe", bila kupunguza mwendo, bila kukunja uso, kwa sababu yeye hakukunja. Baridi huingia ukumbini. Sijaribu kuiondoa. Maswali kwa msafiri yakiisha navua kilemba, nakikunja, nakiweka juu ya sanduku, na sehemu ya tatu naianzia hapo hapo: mimi ni fulani, mwalimu, na nataka tuzungumze kuhusu wale ishirini ambao msafiri hakuwauliza majina. Humo humo naeleza kwamba sehemu fulani za simulizi yake, kama maelezo ya Makka na Damascus, zimetoka katika maandishi ya msafiri aliyemtangulia, Ibn Jubayr, na kwamba wataalamu wengi hawaamini alifika Bulghar, mji wa kando ya mto Volga. Mazungumzo hayo mara nyingi ni marefu kuliko onyesho.

Kwa watoto wadogo sikisimulii kisa hicho kabisa. Kukiacha naona ni haki. Kukikata katikati ndiko nilikokwisha kukataa. Wao nawapeleka Mombasa, alikolala usiku mmoja. Anaeleza watu wanaotembea pekupeku, visima kwenye milango ya misikiti, kata ya mbao yenye mpini mwembamba, na mkeka mnene wa kupangusia miguu kabla ya kuingia. Nina kata hiyo, nina beseni, nina mkeka. Mtoto mmoja anavua viatu, namteka maji, namiminia polepole kwenye vidole, anapangusa. Hakuna kinachosemwa. Watoto 60 wanatazama miguu ya mwenzao kama hawajawahi kuiona.

Wakubwa wao nawatilia kituo Damascus, mwaka 1348, mwaka wa tauni kuu. Pale ndipo alipoambiwa kwamba baba yake alifariki miaka 15 iliyopita. Baadaye, njiani kurudi, akiwa amekaribia, akapata habari kwamba mama yake naye amekufa kwa tauni. Sehemu hiyo nilikuwa nalia, machozi halisi, na nilijivunia. Mke wangu akasema, "Ukilia wewe, sisi tunabaki tukikutazama unavyolia." Nikajaribu kuisema nikiwa nafunga kamba ya sanduku. Nafunga, nafungua, nafunga. Ni hapo tu huwa nasikia watu wakivuta kamasi.

Mwaka jana, baada ya onyesho la jioni, mvulana wa miaka kama minane alikuja na mama yake hadi kwenye sanduku. Lilikuwa onyesho la mchanganyiko na kisa cha Kilwa alikuwa amekisikia chote. Nilikuwa nimevaa tena. Watu wa picha walikuwa wameniomba nisivue mpaka wamalize. Mtoto akanitazama juu hadi chini.

"Babu, nipe hicho kilemba."

Mama akamshika bega, "Wee!" Watu waliokuwa karibu wakacheka. Nami jibu nilikuwa nalo, tena la kitabuni: sultani yule alipokufa, ndugu yake Daudi alishika nchi, naye akijiwa na mwombaji alikuwa akisema, aliyekuwa akitoa amekufa, na hakuacha cha kutoa. Nikalisema kwa sauti nzito na mkono juu. Watu wakacheka zaidi.

Mtoto hakucheka. Alifikiri. "Lakini wewe si Daudi," akasema. "Wewe ndiye uliyekwenda kula kwao."

Nikatafuta la kusema nikalikosa. Nikasema vema, nitakupa. Akasema, "Sasa hivi." Basi nikakifungua, mita nne, mama yake anasema jamani mzee msijali, hapana, huyu mtoto. Nikapiga goti, nikamzungushia, nikamwonyesha pa kubana na kidole gumba ili mkia usiteremke. Kilimfunika nyusi. Akatoka nacho, mama nyuma yake ameinua mwisho wa kitambaa kisiburute.

Onyesho lililofuata lilikuwa keshokutwa yake, shule ya wasichana, na kilemba sina. Nilimweleza mke wangu. Akaenda kabatini, akarudi na shuka jeupe na mkasi, akapima kwa dhiraa kutoka puani hadi ncha ya vidole, mara moja, mara mbili.

"Na huyo mtoto," akauliza huku anakata, "joho hakuliona?"